Vijiti Arobaini na Kimoja

Bado wanakuja. Wengi huja asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, wameshika mfuko wa dukani, na ndani ya mfuko kuna mkono mwingine. Husimama mbele ya dirisha la mapokezi na kuuliza kama Mama Vidole yupo. Msichana wa mapokezi huwaambia ameacha kazi. Huuliza atarudi lini. Huwajibu kwamba hajui, lakini yupo fundi mwingine, wanaweza kumwona. Baadhi yao huingia. Wengine huukunja mdomo wa mfuko, husema asante, hugeuka na kwenda zao.

Ukiingia karakanani huwezi kusema mara moja ni nini kimepungua. Ni chumba kilekile kirefu nyuma ya hospitali, sakafu imekuwa nyeupe kwa vumbi la plasta, miguu ya bandia imetundikwa ukutani kwa visigino, mashine ya kusugulia inavuma kama nyuki waliokasirika. Ila ikifika saa nne mashine huzimwa kwa ajili ya chai, na hapo ndipo utasikia. Hakuna anayecheka. Kila fundi hunywa chai kwenye meza yake, amewapa wenzake mgongo. Zamani walikusanyika kwenye meza ya dirishani, wakigombania viti vitatu, na aliyekuwa akiwachekesha ni shangazi yangu.

Ni mdogo wake baba. Aliingia karakana ile akiwa na miaka ishirini na miwili, na aliingia na ndoo. Plasta ikishakauka sakafuni haitoki kwa maji. Unaichokonoa kwa kisu butu, umepiga magoti. Shangazi alipiga magoti miaka mitatu. Siku moja fundi mkuu wa wakati huo, mzee asiyependa maneno, alimkuta ameokota mkono uliotupwa na anauchongea kucha kwa wembe.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Ila haukuwa na kucha, nikaona kama umekufa."

Mzee akaugeuzageuza ule mkono, akaurudisha mezani.

"Kesho uje bila ndoo," akasema.

Mkono wa bandia una sehemu mbili. Ndani kuna kiunzi cha plastiki na chuma, na juu yake huvishwa glavu laini ya silikoni iliyotengenezwa ifanane na ngozi. Glavu hizo zililetwa hospitalini zikiwa tayari kwenye maboksi, na kwenye kila boksi palikuwa pameandikwa "rangi ya ngozi". Zote zilikuwa za waridi iliyopauka. Ilikuwapo pia kadi ya kumlinganishia mgonjwa, yenye vipande kumi na viwili vya rangi. Ilianzia weupe wa maziwa ikaishia weupe wa mtu aliyekaa juani wiki moja. Baada ya hapo kadi ilikwisha. Na nusu ya watu waliokaa kwenye benchi la karakana walikuwa watu weusi, kama sisi.

Mtu mweusi alikuja na kigutu chake, akapimwa, akafungwa mikanda, akatoka na mkono wa jirani. Wengine waliuvaa. Wengine waliuweka kabatini wakarudi kuficha mkono wa shati mfukoni. Dereva mmoja wa lori aliutazama wa kwake, akatikisa kichwa. "Wanasema mkono mtupu haulambwi," akasema. "Huu hata ukijaa nyama, mbwa wangu hataulamba. Ataubwekea."

Shangazi alicheka naye. Kisha akaenda kwa fundi mkuu akamwomba silikoni isiyo na rangi na makopo machache ya rangi ya unga. Mzee alimtafutia, kwa ruhusa ya mdomo tu, isiyoandikwa popote. Shangazi akaanza kuchanganya juu ya kipande cha kioo, kwa kisu chembamba, karibu na dirisha, kwa sababu taa za mrija hudanganya: rangi iliyopendeza chini ya taa hutoka nje ikawa ya kijani, kama ya maiti. Kadi ya watu weusi hakuwa nayo. Basi akakunja mkono wa kushoto wa koti lake la kazi na kuulaza mkono wake mwenyewe mezani. Huo ndio ukawa kadi. Alichanganya, akadondosha tone juu ya ngozi yake, akatazama. Tone likionekana, bado. Tone likipotea, rangi imekubali.

Alifanya hivyo miaka kumi na mitano. Watu walimshukuru, walimletea watoto wao awaone, wakampa jina la Mama Vidole ingawa hakuwahi kuzaa. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwacha wifi yake apumzike na utani, alirudi siku moja kutoka sokoni, hata kikapu hajatua, akaanza:

"Wifi, leo nimekuona mara tatu mjini. Mara ya kwanza unachagua vitunguu. Mara ya pili umeshika usukani. Mara ya tatu una ndevu!"

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Sote tulicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kile mama alichokuwa amekisema.

*

Kwenye meza ya pili karakanani alikaa mwanamume waliyemwita Plasta, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchukua vipimo vya wagonjwa kwa plasta. Alikuwa mtu mweupe, mnene kidogo, mwenye haya, vidole vyake vimepasuka kwa chokaa. Yeye na Shangazi walifanya kazi bega kwa bega miaka kumi na tisa. Alimwita "dada", na hakuwa akiigiza. Alipofiwa na baba yake, Shangazi alikaa safu ya mbele pamoja na wafiwa, na jamaa waliomkodolea macho walikodolewa na Plasta mpaka wakatazama pembeni. Kwa hiyo nikisema alikuwa rafiki, namaanisha rafiki.

Mwalimu alikuja mwaka wa kumi na tano tangu Shangazi aufanye mkono wake kadi. Alifundisha watoto wadogo, wa miaka minne na mitano. Gari la shule lilikuwa limepinduka, watoto wote walitoka salama, yeye akapoteza mkono wa kushoto kutoka kwenye kifundo. Hospitali ilimpa glavu ya waridi. Akaivaa darasani wiki moja.

"Siku ya tano mtoto mmoja alinivuta sketi," alimwambia Shangazi. "Akaniuliza, Mwalimu, mwenye mkono huu amekwenda wapi?"

Shangazi alimsikitikia, akamwambia asijali, arudi baada ya siku kumi. Akachanganya, akamimina kwenye kalibu, akaoka, akachora kucha na mishipa, na mwanamke yule aliporudi mkono ulikuwa tayari, mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Mwalimu akauvaa. Akaenda nao dirishani. Shangazi alishazoea machozi ya pale dirishani, kwa hiyo alimsogezea kiti.

"Mama," Mwalimu akasema, "naomba usiudhike."

"Sema tu, mwanangu."

"Hebu weka mkono wako hapa."

Shangazi akauweka kwenye kizingiti cha dirisha, kando ya ule wa bandia. Ilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja. Kisha Mwalimu akaweka wake wa kulia. Weusi wake ulikuwa mzito, wenye wekundu kwa mbali chini yake, na vifundo vya vidole vilizama zaidi, na kiganja kilipogeuka kilikuwa na mistari ya kahawia kama ramani ya mito. Hakuna aliyehitaji kueleza kitu.

"Wa kwanza walinipa wa mtu mwingine," Mwalimu akasema taratibu. "Na huu pia ni wa mtu mwingine. Tofauti ni kwamba wewe ni mtu mzuri."

Akaendelea kueleza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani, kwamba muhula ulikuwa ukifunguliwa baada ya wiki tisa. Mwalimu mkuu alikwisha kumwambia kwamba asipokuwa tayari siku hiyo, darasa lake atapewa mwingine na yeye atapelekwa chumba cha mafaili. "Mtoto wa miaka minne anafundishwa kwa kushikwa, Mama. Unamshika kuvuka uwanja, unamshikisha kalamu. Akiuogopa mkono wangu, nimfundishe na nini?"

Siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani mapema, akakaa jikoni na koti lake la kazi mwilini. Mama akampakulia, hakula. Baba alipomuuliza, alimsimulia yote. Baba, kama kaka yeyote, akataka kumtetea hata dhidi ya nafsi yake.

"Kosa lako liko wapi? Wewe ulifanya kwa nia njema."

"Kaka, hata wao nia mbaya hawakuwa nayo. Aliyetengeneza yale maboksi alitazama mkono uliokuwa karibu yake, akasema hii ndiyo ngozi. Mimi nami nikatazama uliokuwa karibu yangu."

"Usijifananishe nao."

"Sijifananishi na mtu. Nafananisha kazi." Akaunyoosha mkono wake wa kushoto mezani, akautazama kama kitu alichouziwa. "Miaka kumi na mitano nimewavisha watu mimi."

*

Kesho yake alianza kuwaita. Aliwatafuta kwenye daftari la mapokezi, akawapigia simu wakati wa chai, mmoja baada ya mwingine, na walipokuja aliwakalisha dirishani. Alichukua vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari humkandamizia mgonjwa ulimi. Kwenye kila kijiti aliweka rangi tatu za mtu mmoja: ya mgongo wa mkono, ya vifundo vya vidole, ya kiganja. Nyuma ya kijiti aliandika jina la mwenyewe.

Walimtania, kwa sababu walimpenda. "Miaka kumi na mitano nimevaa mkono wako, Mama Vidole," dereva wa lori alisema, "leo unanipa talaka?" Lakini mama mmoja mshonaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakutania. Alisema kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu aliyekupa maji una kiu humwambii yana chumvi."

Shangazi alisimulia maneno hayo nyumbani mara nyingi, na kila mara aliyasimulia kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma hukumu yake.

Vilifika vijiti arobaini na kimoja, na havikupatikana viwili vinavyofanana. Vyote aliweza kuvitolea glavu kwa makopo aliyokuwa nayo, isipokuwa kimoja. Rangi ya Mwalimu ilihitaji wekundu mzito na buluu karibu na weusi, na makopo hayo mawili yalikuwa yamebakiza vumbi chini. Vumbi lile lilitosha kijiti. Halikutosha mkono. Na mzee aliyekuwa akimtafutia kwa ruhusa ya mdomo alikwisha kustaafu. Sasa kila kopo lilipaswa kuidhinishwa na kamati ya vifaa, na kamati ilikuwa imekwisha kujibu ombi la namna hiyo mwaka uliotangulia, kwa mstari mmoja: hakuna mgonjwa aliyelalamika.

Ilikuwa kweli. Fomu ya wagonjwa iliuliza juu ya maumivu, ukubwa, mikanda na kuvunjika. Rangi haikuulizwa popote.

Basi Shangazi akaweka karatasi na kalamu kwenye meza yake. Kila aliyekuja alimwomba aandike, na asiyeweza kuandika alimwandikia, kisha akamsomea alichosema mpaka akubali. Zilipatikana barua kumi na tisa. Niliwahi kuziona. Moja ilisema: "Mkono unashika vizuri, sina maumivu. Lakini nikimsalimia mtu huutazama mkono, halafu hunitazama usoni, kama anayetaka kujua nimeuiba wapi." Nyingine ilikuwa na sentensi moja: "Mume wangu hulala upande wa pili."

Kwenye kamati ile karakana ilikuwa na mjumbe mmoja tu, na mjumbe huyo alikuwa Plasta. Wiki tatu kabla ya muhula, siku moja kabla ya kikao, Shangazi alimkalisha kwenye meza ya dirishani.

"Sasa nisikilize. Usiende kuniombea mimi. Usiseme Mama Vidole anahangaika. Wakisikia ni mimi watasema hawa watu na rangi zao."

"Basi niseme nini?"

"Sema ulichokiona. Wewe ndiye unayemvisha mtu glavu isiyo yake kila siku, sema hivyo. Vijiti uviweke mezani, wavishike. Soma barua mbili, si zote, watachoka. Halafu omba makopo mawili, namba zake hizi hapa. Na uhakikishe yameandikwa kwenye kumbukumbu. Yasipoandikwa hayakusemwa."

"Na wakinibishia?"

"Watakubishia. Wewe wakikubishia, kesho unabaki kuwa Plasta. Mimi nikibisha..."

Plasta akaviweka vijiti kwenye mkoba wake, na barua juu yake, akaupigapiga mkoba kama mtu anayembembeleza mtoto. "Dada, mimi tena? Hilo niachie."

*

Yaliyotokea kikaoni nayajua kutoka kinywani mwake. Alikuja kwetu miezi mingi baadaye, Jumapili mchana, ameshika kofia. Shangazi alikuwa chumbani na hakutoka. Baba akampa kiti, kwa sababu mgeni ni mgeni, na Plasta akaongea akiutazama mlango uliofungwa.

"Walikuwa watu tisa," alisema. "Wote weupe. Sikuwahi kuwahesabu kabla ya siku ile. Tukapita mambo ya viti vya magurudumu, tukapita mikanda. Tukafika glavu. Mwenyekiti akasema, kuna ile habari ya mwaka jana, ya watu wanaotaka kuchaguliwa rangi kama wanaopaka nyumba. Wakacheka."

Akaishusha kofia magotini.

"Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa kupenda. Kicheko kilikuwa kinazunguka meza, kikanifikia, nikakipitisha. Halafu mwenyekiti akanitazama, akasema, karakana, mna la kuongeza? Mkoba ulikuwa katikati ya miguu yangu. Nilikuwa nauhisi kwa viatu. Nikasema, hakuna."

Baba akamuuliza aliogopa nini. Swali halikuwa la kumkomoa, alitaka kujua.

"Sijui, mzee. Hakuna ambaye angenifukuza. Hakuna ambaye angenipiga. Wangenitazama tu. Niliogopa kutazamwa."

Alipotoka kikaoni Shangazi alikuwa anamsubiri kwenye korido, na Plasta akamwambia kwamba kamati imelichukua, inalifikiria. Alisema alitaka kupata siku mbili za kutafuta namna. Siku mbili zikawa wiki mbili. Mwalimu alikuja mara mbili kuuliza, na mara zote mbili Shangazi alimwambia, kwa uhakika wa mtu anayemwamini mwenzake, kwamba makopo yako njiani.

Siku nne kabla ya muhula kumbukumbu za kikao zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya ratiba ya usafi. Mafundi wengine walimwona Shangazi akizisoma. Alisoma akifuata mistari kwa kidole, akafika chini, akarudi juu, akasoma tena. Kwenye kipengele cha glavu palikuwa pameandikwa: "Karakana: hakuna la kuongeza."

Akaenda mpaka meza ya pili. Plasta alikuwa na mgonjwa, mguu umeloa plasta mpaka gotini. Shangazi akasubiri. Ile plasta ikakauka, ikapasuliwa, mgonjwa akanawa, akaondoka.

"Viko wapi vijiti?"

Plasta akafungua kabati la chini. Mkoba ulikuwa pale, na barua juu, zilivyopangwa.

"Dada, nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Walisema nini, mpaka ukaona wakati mbaya?"

Akamwambia. Hakumficha, hilo tumpe. Alipofika kwenye ule mzaha wa kupaka nyumba, Shangazi akainua mkono kumsimamisha.

"Ulicheka?"

"Dada..."

"Nakuuliza kitu kidogo. Ulicheka?"

"Nilicheka."

Shangazi akauchukua mkoba. "Ungesema ulinyamaza," akasema, "ningejua la kufanya na wewe."

Alasiri ile alikwenda mwenyewe ofisi ya mwenyekiti, na mkoba wake, akiwa bado na koti la kazi. Katibu akamwambia, kwa adabu, kwamba maombi ya karakana hupitia kwa mjumbe wa karakana. Jioni, akiwa nyumbani, Shangazi akampigia Mwalimu simu. Sijui walisemezana nini. Mama alimsikia Shangazi akisema "ndiyo" mara nyingi, halafu "nisamehe", halafu simu ikawekwa.

Muhula ulifunguliwa. Mwalimu alikwenda siku ya kwanza akiwa na mkono mtupu wa blauzi uliobanwa kwa pini, na mwalimu mkuu akampeleka chumba cha mafaili. Kiko ghorofa ya chini, dirisha lake linatazama ukuta. Darasa lake likapewa msichana aliyetoka chuoni.

Shangazi hakumnunia Plasta. Ingekuwa nafuu kwa Plasta kama angemnunia. Alimweleza tu kwamba kikao kinachofuata ni baada ya miezi mitatu, na kwamba kitu cha kwanza kwenye kikao chochote ni kusahihisha kumbukumbu za kilichopita, na kwamba mtu aliyesema uongo kwenye kumbukumbu ana haki ya kusimama akasema: pale nilikosea, nilikuwa na la kuongeza.

Na Plasta alisimama. Tusimnyime lake. Alisema maneno hayohayo, akaviweka vijiti mezani, akasoma barua mbili, akaomba makopo kwa namba. Kuna aliyeguna, kuna aliyetazama saa. Mwenyekiti akakishika kijiti kimoja, akakigeuza, akasoma jina nyuma yake, akauliza kwa nini jambo hili halikuletwa mapema. Wakaidhinisha. Katibu aliandika saa, ndiyo maana tunajua: ilichukua dakika nne.

"Dakika nne," Plasta alirudia sebuleni kwetu, akizungusha kofia. "Mzee, mimi kumpima mtu mguu mmoja nachukua arobaini."

Makopo yalipofika Shangazi alitengeneza mkono wa Mwalimu kwa siku sita. Akampigia aje. Alikuja saa ya chakula cha mchana, akauvaa, akaenda dirishani, akauweka kando ya wake wa kulia. Akavikunja vidole vya mkono mmoja juu ya mwingine, kama watu wanavyofanya wakisubiri kuitwa, na huwezi kusema ni upi aliozaliwa nao na upi uliotoka kwenye oveni.

"Ndiyo," akasema. "Huu ni mimi."

Shangazi akamuuliza habari za shule, kama darasa haliwezi kurudishwa.

"Watoto wameshamzoea yule msichana. Nikiwaondolea sasa nitawaumiza." Akaushusha mkono wa blauzi. "Nilipo hakuna anayenitazama mikono, Mama. Lakini asante. Nitauvaa."

Kuanzia siku ile Shangazi alikunywa chai ya saa nne amesimama, karibu na mlango. Wenzake walijaribu kumchokoza kwa utani; akatabasamu, na tabasamu halikufika mbali. Aliwafundisha mafundi wawili jinsi ya kutengeneza vijiti: mkalishe mtu dirishani, zima taa, muulize mwenyewe kama ni yeye. Aliwaambia wasikunje mikono ya koti. Plasta alikuwa mmoja wa wale wawili. Alimfundisha kama alivyomfundisha mwingine, bila kumpunja hata neno. Lakini alipomwita "dada", hakuitika. Alisubiri aseme jambo alilotaka, kisha akalijibu jambo hilo.

Baada ya miezi mitatu akaandika barua ya kuacha kazi. Fundi mkuu mpya akamuuliza kama kuna mtu amemkosea. Akasema amechoka. Mafundi walichangia keki, yakasemwa maneno, Plasta akamsafishia meza. Hospitali ikavichukua vijiti, ikaviweka kwenye fremu ya kioo ukutani. Majina ya nyuma hayaonekani tena. Vimepewa namba, moja hadi arobaini na moja, na fomu mpya ina kisanduku cha rangi.

Jumapili ile, Plasta alipoondoka kwetu, baba aligonga mlango wa chumba.

"Ameondoka. Amelia, mdogo wangu. Mtu mzima."

"Nimemsikia."

"Humsamehe?"

"Nimemsamehe zamani, kaka. Ila nikimtazama namwona amekaa pale mezani, na mkoba uko miguuni. Sasa nikae naye vipi kunywa chai?"

Baba akaurudisha mlango polepole.

Siku hizi Shangazi anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa nyuma ya posta. Anachanganya rangi za kuta. Anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja, na Jumapili duka halifunguliwi.